Bibi Yuko Angani

Nyumbani,
Ijumaa, tarehe 14.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mapacha, na kwamba kile kikohozi kimekwisha. Sisi hatujambo. Bibi naye yuko hapa kando yangu, anakunywa chai na kulalamika kwamba haina sukari.

Najua Baba amekwisha kukupigia kukwambia kuwa Bibi amefika. Lakini alivyofika hakukwambia, kwa hiyo nakwambia mimi. Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu maneno hunikauka.

Ulipotuarifu kwamba ndege ya Bibi itaondoka huko Alhamisi saa nne asubuhi, Baba alikaa na kalamu. Unamjua kaka yako, dereva wa lori hataki kufundishwa umbali. Kilomita elfu kumi na moja, akagawanya kwa mwendo wa ndege, akapata saa kumi na tatu. Basi Bibi atatua saa tano usiku. Akasema atapeleka kwanza saruji ya watu, kisha jioni twende kumpokea.

Jana asubuhi, tukiwa mezani, Baba akasema saa hizi Bibi anafunga begi. Mimi nikakumbuka kwamba kila ukitupigia asubuhi, sisi hata mswaki hatujapiga, wewe unasema huko ni alasiri, ndiyo kwanza unatoka kazini, umechoka. Nikahesabu kwa vidole chini ya meza, nikarudia: huko mko mbele yetu kwa saa nane. Kumpinga mtu siwezi, sembuse Baba. Lakini daktari aliyempasua Bibi jicho huko kwako alimkataza kuinama wala kubeba kitu, jicho lisije likaharibika, na Bibi asipoona mtu wa kumpokea, begi atalibeba mwenyewe.

"Baba," nikasema, "Bibi yuko angani sasa hivi. Anatua saa tisa mchana, saa zetu."

Baba aliacha kutafuna. Akakupigia, simu yako imezimwa. Akaanza tena habari za kilomita, Mama akamkatiza.

"Mume wangu, huko juu hakuna vibao vya barabarani. Msikilize mtoto."

Kutoka hapa hadi uwanja wa ndege ni mwendo wa saa tano kwa lori, na muda wa kushusha saruji haukuwepo. Tukaenda nayo. Njia nzima Baba alikitukana kila kilima kimoyomoyo, nilimwona midomo.

Getini mlinzi akasema lori la saruji haliingii. Baba akaniambia nishuke, nikimbie. Mimi, ambaye hata dukani hununua kwa kunyoosha kidole, niliuliza watu watatu njia.

Bibi alikuwa ndiyo kwanza anatoka mlangoni, mkono tayari uko kwenye mshipi wa begi. Miaka yote hii amenitambua kwa sauti tu, kwa hiyo nilivuta pumzi nimwite. Hakuningoja.

"Wewe mtoto," akasema toka kule kule, "ndala gani hizo? Moja ya bluu, moja nyekundu?"

Nikatazama miguu yangu. Ilikuwa kweli. Nikalia pale pale mbele za watu, Shangazi, wala sikujali nani ananitazama.

Baba, Mama na Bibi wanakusalimu sana. Wabusu mapacha kwa ajili yangu. Mungu akurudishie mara nyingi ulichomfanyia Bibi.

Mwanao akupendaye na kukuombea,
Binti wa kaka yako.