Mistari Yote Inaishia kwa Mabruki

Jumatatu, 3 Machi 2025

Programu mpya imeingia! Chama chetu cha wafugaji wa maziwa hapa Kiseke kimeachana na majedwali matupu. Sasa ukibonyeza, inachora: kila ng'ombe kiduara, na kila ndama ana mstari kwenda kwa mama, mwingine kwa baba, mwingine kwa mwenye zizi. Meneja Mutayoba kasimama nyuma yangu akauliza mbona mistari mingi hivyo. Nikamwambia ndio uhusiano wenyewe. Akasema basi niache ile muhimu tu. Muhimu! Ndama nimchagulie mzazi?

Anataka ukoo mzima kwenye mkutano wa Jumamosi. Wenye rangi.

Jumanne, 4 Machi

Nimechora. Nikadhani mashine imeharibika — mistari karibu yote inaishia kwenye kiduara kimoja, kama buibui. Nikakagua. Ni kweli. Mabruki! Dume la Mzee Luhende. Na Mzee Luhende ndiye baba yake Mihayo, mchumba wangu. Jumapili hii wanaleta mahari nyumbani.

Kibaya zaidi: mitamba aliowazaa Mabruki wamerudishwa kupandwa na Mabruki. Baba, mume, babu — kiduara kilekile. Na yule ndama aliyezaliwa kipofu, wa mwanachama wetu Mama Wilhelmina, yumo. Sisi ofisini tulimwambia mama huyo hajui kulisha.

Nimempigia Mihayo. Kacheka mpaka kakohoa. Kasema nifunge mdomo mpaka mahari ipite.

Alhamisi, 6 Machi

Nilijaribu kufunga mdomo. Asubuhi Mama Wilhelmina kaja ofisini, kanga imelowa jasho, anauliza aongeze pumba gani ili ndama ajaye awe na macho. Nimeshindwa. Nikabeba laptopu mpaka kwa Mzee Luhende.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkamwana wangu! Karibu."

Nikafungua picha. Akavaa miwani. Akauliza kama wote hao ni wa Mabruki. Nikasema ndiyo.

"Dume hilo!" Kapiga paja. Anataka nimchapishie kubwa, aitundike sebuleni, karibu na picha ya ndoa yake!

Nikamwonyesha taratibu. Huyu ni binti wa Mabruki, baba. Na huyu wamemzaa wao wawili. Na huyu kipofu, huyu wa Mama Wilhelmina, ni wao. Kidole chake kikafuata mstari, kikarudi, kikafuata tena. Kasema kwa sauti ndogo kwamba yule mtamba alimpandisha yeye mwenyewe, kwa kamba yake mwenyewe.

Halafu: "Zima hako kakompyuta."

Chai haikuletwa.

Ijumaa, 7 Machi

Mutayoba kasema nifiche mistari ya baba, nibakize ya mama. Mihayo hapokei simu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa stoo. Mkutano bado unaendelea — unausikia mpaka barabarani.

Niliweka ukutani picha aliyoitaka Mutayoba, ile isiyo na baba. Nzuri kweli, kama bustani. Mama Wilhelmina akasimama, akauliza ndama wake kazaliwa na nani, maana ukutani anaonekana kama kaja na mvua. Watu wakacheka. Mutayoba akasema tuendelee na ajenda.

Mzee Luhende akanyanyuka. Kofia mkononi.

"Felicitas, weka mistari yote."

Nikaweka. Akamgeukia Mama Wilhelmina, akamwambia kosa halikuwa la pumba, lilikuwa lake yeye, na Mabruki hapandi tena. Mama akalia, akacheka, akalia. Kisha vurugu! Kila mtu anataka wake aangaliwe. Mmoja anabisha ng'ombe hawana ubatizo, undugu wameupata wapi. Mutayoba kapanga foleni, nayo inamsukuma yeye mwenyewe.

Nikakimbilia huku na laptopu, nipumue kidogo. Mzee kanifuata mpaka mlangoni. Kaniambia niangalie namba 214, 219 na 230. Nikamuuliza ni za nani.

"Za kwako, za ng'ombe wa mahari. Ndizo tunazowapelekea wazazi wako kesho."

Nimefunga mlango, nimeangalia. Mistari yote mitatu inaishia kwenye kiduara kilekile.

Mzee anagonga mlango. Anauliza zimetoka kwa nani. Nyuma yake nasikia sauti ya Mihayo: "Baba, mwache kwanza." Anagonga tena —