Bwawa la Vumilia

Jumapili, 8 Juni 2025

Cornel kaja na jipya. Anataka kuchimba bwawa la kuogelea uani. Hapa Nyarugusu! Maji ya kufulia tunanunua ndoo kwa ndoo, mwenzangu anataka ya kuogelea. Nikacheka. Kicheko cha kwanza tangu tumzike Vumilia Oktoba, na hakikuwa kizuri.

Hakukasirika. Alisema tu: nilimwahidi.

Ni kweli alimwahidi. Mwanetu alikuwa na selimundu, na maji baridi yalikuwa adui yake, akiyaingia tu mifupa inamuuma mpaka anapiga mayowe. Siku ile Mwanza alishika uzio wa hoteli, anatazama watoto wenzake wakiruka majini. Baba yake akamwambia, wewe nitakuchimbia lako nyumbani, maji ya vuguvugu, yanapashwa na jua. Alikuwa na miaka minane. Kumi hakuifikia.

Sasa bwawa la nani? Nimemuuliza hivyo hivyo. Kasema la kwetu, tukae nje, tupate hewa, maana wewe Mama Vumilia unashinda kaburini kama mlinzi. Limeniuma hilo. Kwani nishinde wapi?

Jumatano, 11 Juni

Mchoraji amefika kutoka Mwanza. Anaitwa Selestine. Kijana mpole, na viatu vyeupe — vyeupe, Nyarugusu! Hata chai hajamaliza, vimeshakuwa vyekundu.

Katandaza karatasi mezani. Bwawa lenye umbo la harage. Kibanda cha kupumzikia, jiko la kuchomea nyama, bembea, maua, njia ya matofali. Pazuri, siwezi kusema uongo. Kisha akaweka kidole kona ya mashariki, akauliza: mama, na hiki hapa kitaondolewa?

"Hiki" ni kaburi la mwanangu. Lile lenye marumaru nyeupe na jina lake. Kwa Wasukuma, watu wa Cornel, mtoto huzikwa nyumbani kwao. Selestine hakujua, maskini. Nilipomwambia alisimama, akavua kofia.

Nimetoa sharti langu mbele ya wote wawili. Kaburi halisogezwi, na niwekewe benchi la kulitazama. Cornel kasema hilo halina mjadala. Selestine akachora benchi kwa penseli, akauliza niwekewe mti gani wa kivuli. Mpera, nikamwambia. Alipenda mapera.

Mchana nimekula ugali wangu nikaumaliza. Ajabu.

Jumatatu, 16 Juni

Uchimbaji umeanza. Badala ya mafundi ujenzi, Cornel kaleta vijana wa duara lake, lile shimo lake la dhahabu kule bondeni. Wamekaa bure, mwaka wa pili huu halijatoa kitu, na mwezi wa tatu lilititia. Mkubwa wao ni Majaliwa, mtu wa Urambo, mcha Mungu. Shikamoo mama. Marahaba.

Selestine kapigilia vigingi, kafunga kamba, harage lake likaonekana. Kwenda kunywa maji na kurudi, anakuta shimo la mraba linashuka wima, na magogo ya kuzuia kuta tayari yamepangwa! Akapiga kelele: jamani, hili ni bwawa! Upande huu mtoto asimame, maji yamfike kiunoni! Majaliwa akamjibu taratibu: fundi, sisi tunajua kwenda chini tu.

Nimecheka tena. Safari hii kweli.

Alhamisi, 19 Juni

Vijana wamelainika. Upande mmoja umeanza kuinama kama mchoro unavyotaka. Nimekaa na Vumilia mpaka jua limepoa, nimemweleza yote — harage, bembea, viatu vya Selestine. Nililia kidogo, lakini kilio cha kawaida.

Jumamosi, 21 Juni

Asubuhi sululu zimenyamaza ghafla. Nikatoka na mwiko mkononi. Wote wameinamia shimo. Kwenye ukuta wa chini kuna jiwe jeupe lenye kutu, limejilaza kama mkanda. Majaliwa akavunja kipande, akakilamba, akakiinua juani. Cornel akaruka ndani na nguo zake safi.

Hakuna aliyetaja dhahabu. Huwa hawaitaji kwa jina, wanasema "mali". Wamelitwanga jiwe kwenye kinu changu cha karanga, wakaosha unga wake kwenye karai. Chini ukabaki mstari wa njano. Mwembamba, lakini upo.

Geti limetiwa kufuli. Habari ikitoka nje ni rashi, wachimbaji wanamiminika, kesho kutwa uani kwangu ni maturubai matupu.

Selestine alikuwa amesimama pale pale na karatasi zake. Hakuna aliyemtazama.

Jumapili, 22 Juni

Cornel amelia. Hata siku ya mazishi sikumwona akilia. Kapiga magoti jikoni, kakumbatia miguu yangu: Mama Vumilia, ni yeye. Nimehangaika kote kule, kumbe mwanangu kaniwekea nyumbani. Yeye ndiye kanionyesha.

Nimemshika kichwa. Na kwa muda niliamini! Nani asingependa mwanawe awe bado anagawa? Kisha nikamuuliza, na bwawa lake je? Akaniangalia kama niliyesema Kizungu.

Selestine kaaga. Mama, mimi nachora mabwawa, kasema, haya mengine siyawezi. Mchoro kaniachia. Nimeutia kabatini, chini ya kanga.

Jumanne, 24 Juni

Leo nimezuiwa uani kwangu mwenyewe.

Nimetoka na ndoo na kitambaa, niende nikaoshe marumaru. Majaliwa kanikimbilia, macho chini, aibu imemjaa. Mama, nisamehe. Lile si bwawa tena, limeshakuwa duara, na mwanamke hasogelei duara. Tena akiwa kwenye siku zake ndiyo kabisa, mali inakimbia, vijana hawashuki hata uwape nini.

Na njia ya kwenda kwa Vumilia ni hiyo moja, inapita mdomoni mwa shimo. Kwingine kifusi na ukuta. Nikamtafuta Cornel kwa macho anitetee. Alikuwa anafunga kamba nyekundu kutoka pembe ya jiko mpaka kwenye ukuta. Ya kunizuia mimi!

Nimemtazama mwanangu kwa dirisha la jikoni. Vumbi limejaa juu ya marumaru. Jina halisomeki.

Ijumaa, 27 Juni

Mwamba wenye mali unaelekea mashariki, kwa Vumilia. Moyo wangu ulishajua.

Cornel kamwita mama yake kutoka Bukoli ampe ruhusa ya kumhamisha mtoto. Mama mkwe, Bibi Mageni, si mtu wa maneno mengi. Kamsikiliza mwanawe mpaka mwisho — mali, baraka, jinsi mjukuu alivyomfungulia baba njia. Akasema: "Yaya, hapana. Kaburi halifunguliwi. Mtu hazikwi mara mbili." Nikapiga magoti, nikamshukuru kwa Kisukuma chake. Wabeja, mayu. Wabeja sana.

Furaha yangu haikufika jioni. Baada ya chakula Cornel karudi, mtulivu, kashapata jawabu. Sawa, kasema, sitalifungua. Tutapita chini yake.

Chini yake! Nikamgeukia mama mkwe. Mila ya kufungua anaijua, ya kupita chini nani aliwahi kuiuliza? Nikamwambia Cornel, na duara lako lililotitia mwezi wa tatu, halikuwa na magogo? Kasema safari hii ataweka magogo mazito. Mtoto hatajua chochote, kasema. Atalala tu.

Nimepiga kelele, nimevunja sahani. Nilipochoka nilichukua ufagio nikafagia vipande vyangu mwenyewe.

Siwezi kumchukia, hilo ndilo linaloniua. Anachimba huku anamwimbia Vumilia.

Jumapili, 29 Juni

Kanisani sikwenda. Mbuzi mweupe amechinjwa mdomoni mwa shimo. Kesho wanaanza kuingia mashariki kwa nyundo na moko, zile patasi zao za kupasulia mwamba. Mama mkwe kafunga mzigo wake arudi Bukoli, hataki kuona. Nimebaki peke yangu na hawa wanaume.

Jumatatu, 30 Juni

Naandika nimekaa juu ya marumaru. Mwandiko mbaya, daftari liko gotini.

Asubuhi nilisikia nyundo. Ko, ko, ko, chini ya ardhi, upande huu. Niliweka sufuria chini nikatoka. Kamba nyekundu nimeivuka. Majaliwa akaja mbio, mama, mama, tafadhali! Nikaendelea. Nikapita mdomoni kabisa, nikasimama hapo, nikasema kwa sauti ya sokoni ili hata walio chini wasikie: niko kwenye siku zangu!

Mungu wangu. Neno hilo hata mama yangu mzazi sikuwahi kumtamkia waziwazi. Halafu nikaja nikakaa hapa.

Nyundo zilikoma. Wamepanda mmoja mmoja, hakuna anayenitazama. Mmoja kaitupa moko yake kwenye kifusi kama imemuunguza. Wengine wanatafuta mashati yao. Majaliwa kasema, basi tena, kazi imekufa.

Na ni uongo. Mwili wangu ulinyamaza baada ya mazishi. Daktari wa Geita alitwambia siku hizo hazitarudi tena, umri umefika na majonzi yameongeza mwendo. Hakutakuwa na mtoto mwingine. Tulitoka pale tumeshikana mikono, mimi na Cornel, mpaka nyumbani. Hatujamwambia mtu. Kwa hiyo hapa uani anayejua kwamba nadanganya ni yeye peke yake.

Majaliwa naye si mjinga. Kamgeukia: Baba Vumilia, mama ni mtu mzima, na wewe ndiye mume. Anachosema ni kweli? Sema wewe. Ukisema si kweli, vijana wanashuka sasa hivi.

Nimefuta vumbi kwa kanga, jina linasomeka tena. Cornel yuko ng'ambo ya shimo, kofia mkononi, suruali nyekundu mpaka magotini. Kazeeka! Neno moja tu linatakiwa, ama mali yake ama mimi.

Majaliwa kauliza mara ya pili.

Cornel kaweka kofia chini. Anakuja huku, anapita ukingoni taratibu, vijana wanampisha. Sijui anakuja kuninyanyua au kukaa nami.