Baisikeli ya Mahari ya Yaya Régina

Kasongo, tarehe 12 Agosti 1954

Kwa yaya yangu mpenzi, dada yangu mkubwa Régina,

Nakusalimu sana, tena sana, na kabla ya mengine yote nauliza habari za mkono wako wa kushoto. Je, bado unakuuma asubuhi kukiwa na baridi? Na Mama Mdogo Sidonie hajambo, yeye na nyumba yake yote hapo Lusangi? Mwambie namshukuru kwa kukupa mahali pa kulala muda wote huu bila kunung'unika, ingawa namjua, kidogo atakuwa amenung'unika. Sisi huku miili yetu ni mizima. Baba anakohoa kwa sababu ya vumbi la kiangazi, mama yupo, pamba imekwisha kuuzwa. Ukiuliza habari za mioyo, hizo zisome polepole. Nitazisema kwa mpango wake, nawe usiruke mistari kama ulivyozoea kuruka shuleni kwa masista.

Najua unangoja nini. Unangoja kusikia kama baisikeli imepokewa, na kama sasa wewe si mke wa Antoine tena. Nitafika hapo. Lakini nataka kwanza ujue jinsi tulivyohangaika, usije siku moja ukadhani kwamba nyumbani kwenu hawakukutaka.

Unayakumbuka maneno ya baraza la shefu kule Kabambare. Mbuzi, majembe na vitambaa tulikuwa tumekwisha kuvirudisha, na watu wa Antoine walivipokea mbele ya mashahidi. Ikabaki baisikeli, ile nyeusi ambayo Antoine aliileta kwetu ikiwa mpya, usukani umefungwa karatasi, hata watu wote wakatoka kuitazama kabla ya kukutazama wewe bibi arusi. Shefu akasema kwamba siku baisikeli itakaporudi kama ilivyokuja, ndoa imekwisha, na Régina ni binti wa baba yake. Aliposema hivyo watu wa Antoine walicheka, maana walikuwa wamekwisha kuiona hali ya baisikeli.

Na hali yake, yaya, unaijua. Baba aliitumia miaka yote ile kama mtu aliyepewa punda. Alibebea pamba, alibebea mihogo na mawese, na siku moja alimbeba mbuzi mzima pamoja na mjomba aliyelewa. Kiti kilikuwa kimechanika hadi chuma kinaonekana. Mipira ya nje ilishonwa kwa kamba, ya ndani ilikuwa viraka juu ya viraka. Breki usiniulize, baba alikuwa anasimama kwa kisigino. Tena baisikeli hiyo hiyo ndiyo ningeolea mimi. Baba yake mchumba wangu Léocadie alikuja kuitazama mwaka jana, akaizunguka, akakohoa, akaenda zake.

Basi nikaanza kutafuta vyuma. Pamba yangu yote ilikwenda kwenye duka la Faradji, yule mwenye kanzu anayeuza vitu vya baisikeli karibu na msikiti. Nilipokosa pamba nilimpelekea mbao nilizopasua mwenyewe. Kwanza nilinunua mipira ya nje, kwa sababu ndiyo watu wanaiona kwanza. Halafu mipira ya ndani, halafu mnyororo. Mnyororo ulikuwa mrefu mno, Faradji akaupunguza, akaniambia kwamba baisikeli yangu imezeeka hata imefupika kama mzee. Spoki alinionyesha namna ya kuzikaza. Unazungusha gurudumu, unashika unyasi mmoja kando ya rimu, na pale unyasi unapoguswa ndipo palipopinda. Nilikaa na unyasi wangu hata baba akasema mtoto wake amekuwa mganga.

Mama alikuwa anakuja kila jioni kuuliza kimebaki nini. Nikimjibu breki, anasema haya, anaingia ndani. Nikimjibu kengele na pampu, anasema haya. Siku nilipomwambia zimebaki pedali tu, alikwenda moja kwa moja kutafuta ufagio. Kesho yake nilimkuta anafagia chumba chako cha zamani, ametandika mkeka mpya, tena ameutundika ule mfuko wako wa shule ukutani. Nilitoka nje nikaenda kujifanya natafuta nyundo.

Kiti ndicho kilichonisumbua. Kiti cheusi cha kawaida, kama kile alichokileta Antoine, hakikupatikana Kasongo yote. Kilikuwepo kimoja tu, cha ngozi nyekundu chenye springi chini, ambacho karani mmoja alikiagiza kisha akahamishwa kabla hakijafika. Faradji akaniambia kwamba hajapata kumwona mtu anayelalamika kupewa kizuri kuliko alichotoa. Nikaona ni kweli, nikakichukua.

Tulipoondoka, baba na mimi, hatukuipanda hata kidogo. Tuliisukuma njia yote hadi Kabambare, mipira isije ikachakaa, na pedali nimezifunga majani ya migomba. Penye maji tuliibeba mabegani. Wanawake waliokuwa wanatoka shambani walitucheka sana. Mmoja, akiita baisikeli kinga kama wanavyoiita huko, alipiga kelele: “Muone bale! Mutu iko na kinga, na iko anatembea na miguu!” Baba naye akacheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ile ulipokuja nyumbani na mkono aliokuvunja Antoine. Hakukubali tupite kwako Lusangi. Alisema tutapita wakati wa kurudi, tukiwa na habari nzuri mdomoni.

Baraza lilijaa. Antoine alikuwa amesimama nyuma amekunja mikono, na mbele alikaa baba yake mkubwa Octave, yule mzee mwenye sauti ndogo ambaye kila mtu anamnyamazia. Octave aliinuka akaizunguka baisikeli yetu. Alibonyeza mipira. Alivuta breki. Alipiga kengele, akapima pampu, akainama akatazama hata mabati ya kuzuia matope, na kila alipogusa kitu aliwatazama wale mashahidi wa siku ya mahari, nao wakaitikia kwamba ndivyo ilivyokuwa. Nilimwona Antoine uso umeanguka. Nakuambia kweli yaya, nilifurahi hata nikaona haya. Nilikuwa tayari nakuona umekaa kwenye mkeka wa mama.

Kisha Octave akainua gurudumu la mbele na kulizungusha kwa mkono, na taa ikawaka.

Hapa nivumilie. Sijakuambia habari ya taa. Antoine hakuleta taa, wewe unajua. Niliinunua mimi, na dinamo yake, siku ya mwisho, wakati kila kitu kilikuwa kimekwisha kukamilika. Nilikuwa nimesikia kwamba watu wa Antoine wanatuita walafi, watu wanaokula mahari ya binti yao hadi mifupa. Nilitaka kuwafunga midomo. Nilitaka waone baisikeli inarudi nzuri kuliko walivyoileta, wakose la kusema.

Taa ilipowaka watu walishangilia ingawa ilikuwa mchana. Octave akaniuliza mimi, si baba, kama ile taa ilitoka kwao. Nikajibu kwa sauti kubwa kwamba hapana, ni sisi tuliiweka. Akauliza na kiti. Nikajibu hata hicho ni sisi. Nilikuwa nimetoa kifua mbele kama jogoo. Octave akakaa chini taratibu, akapiga makofi matatu, yale ya kupokea zawadi, na wazee wote wa upande wake wakapiga. Kisha akasema maneno ambayo sitayasahau: “Mutu akirudisha kitu ya mukwe, anarudisha ile alipewa, basi. Akiongeza yake juu, hapo harudishi tena, iko anashukuru. Hawa wametushukuru. Bibi iko wetu.”

Baba alisimama haraka akasema ni kosa la mtoto, taa ifunguliwe, kiti kifunguliwe. Lakini makofi yalikuwa yamekwisha kupigwa. Shefu aliwauliza wazee wa baraza, wakasema kwa desturi yao mambo ni kama alivyosema Octave, mkwe anayeshukuru amekubali undugu upya. Basi ndoa imefungwa tena, yaya, na safari hii tumeifunga sisi. Walifungua taa na kiti palepale, wakavichukua kama shukrani yetu. Baisikeli yenyewe wakaturudishia, kwa sababu mahari inakaa kwa wazazi wa mke. Antoine alinisaidia kuishika wakati wanafungua. Alinipigapiga begani, akaniita shemeji.

Sasa niseme lile ambalo mama hajui. Tulipokuwa tunapumzika kabla ya kuingia Kabambare, baba aliitazama taa muda mrefu, kisha akaniambia niiondoe. Alisema vya watu virudi vilivyo. Kiti, alisema, tutaeleza kwamba cheusi hakikupatikana, lakini taa hatuna la kuieleza. Nilikuwa na spana mfukoni. Nilijifanya nahangaika na nati, nikamwambia imekwama, haifunguki. Haikuwa imekwama. Nilitaka tu waione ikiwaka. Baba aliniamini, na tangu siku ile hajanilaumu hata neno moja, na hilo ndilo linaloniua. Wakati wa kurudi tulizunguka tena mbali na Lusangi. Alisema hawezi kukutazama usoni. Mimi ndimi nisiyestahili kukutazama, yaya. Nisamehe ukiweza, na kama huwezi nitaelewa.

Shefu amewapa ruhusa kuja kukuchukua hapo kwa Mama Mdogo Jumatatu ijayo. Antoine atakuja na mapolisi wa shefu. Nimemwomba Abdallah, mfanyabiashara wa chumvi, aondoke leo ili akufikie kabla yao, ndiye anayekupa karatasi hii. Na kitu anachokisukuma hapo mlangoni, ukitazama, ni baisikeli yako.

Nimesema yako. Mara mbili imekwisha kufanywa bei yako, sasa iwe miguu yako. Wewe ndiye ulinifundisha kuendesha, unakumbuka, kwa ile baisikeli ya katekista, nyuma ya kanisa, na sista akakuchapa wewe akaniacha mimi. Hujasahau, kitu hicho hakisahauliki. Usije upande wa Kasongo, huku ndiko watakakotafuta kwanza. Abdallah ana ndugu zake Salamabila, watu wa msikiti wasiopenda maneno mengi, watakulaza. Huko kuna makabila yote kwa sababu ya dhahabu, na hakuna anayeuliza mwanamke ni mke wa nani. Lakini usikae sana. Njia inaendelea hadi Fizi, na kutoka Fizi inateremka ziwani. Ukifika usiandike. Usirudi hata ukisikia mmoja wetu amekufa.

Kiti ni gunia nililolijaza nyasi na kulifunga kwa kamba, litakuchoma kidogo. Breki nimeitengeneza upya. Ile ya mkono wa kushoto nimeiondoa kabisa, ya kulia nimeikaza hata inatosha peke yake. Nimeijaribu kwenye mteremko wa mtoni nikiwa nimeufunga mkono wangu wa kushoto mgongoni, na imenisimamisha vizuri.

Wakiuliza nani ametoa baisikeli, nitasema ni mimi, na itakuwa kweli. Wanifunge. Léocadie hatanisubiri, nimekwisha kumwambia asinisubiri, akalia, kisha akanipa andazi la njiani la kukuletea wewe, limo katika mfuko. Baba hatujamwambia. Ila asubuhi hii ameondoka mapema kwenda shambani, na nilipofungua mlango wangu nilikuta pampu imelazwa kizingitini.

Basi yaya, nakomea hapa, Abdallah anaita. Nisalimie Mama Mdogo na watoto wake wote, kila mmoja kwa jina lake. Mama nilimwuliza niandike salamu gani. Alichukua mafuta ya mawese, akapiga magoti, akaupaka mnyororo kwa vidole vyake, pingili moja moja, hata akamaliza wote. Faradji angekasirika, maana mawese yanakamata vumbi. Mimi sikumzuia. Ukiona upindo wa nguo yako umechafuka wekundu njiani, usiufue upesi.

Ni mimi mdogo wako,
Hippolyte