Wimbo Wako, Mwendo wa Dobi

Chumba cha juu, nyuma ya duka la dobi
Jumapili, tarehe 9

Mpendwa Mjomba,

Hapana, hilo siwezi kumwambia. Umeniandikia nimkataze mume wangu kuuimba wimbo wako. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya tatu nikiwa nimesimama, na jibu langu ni hapana.

Haya, sasa shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na mkaza mjomba, kile kikohozi kimemwachia? Sisi huku wazima kabisa. Hii ni wiki ya sita tangu niolewe, na bado nikisikia viatu vyake kwenye ngazi nakimbilia kioo kwanza. Usinicheke. Ananipigia pasi hata leso.

Nakuelewa, Mjomba. Ulikaa huko mbali, harusi ikakupita kwa sababu ya mgongo, halafu binamu akakutumia kwenye simu sauti ya bwana harusi akiuimba wimbo wako wa roki polepole. Umeandika kwamba ameugeuza wa kumlazia mtoto, na kwamba ameupunguza mwendo makusudi ili yeye aonekane mwenye hisia. Ukweli unachekesha zaidi.

Siku za uchumba nilimwazima kaseti yako, ile uliyomtumia mama pamoja na picha yako ya nywele ndefu. Akawa anaisikiliza dukani akipiga pasi. Redio kaseti yake inakaa rafu moja na pasi, na mpira wa kuzungushia kaseti ulikuwa umelegea kwa joto. Sauti yako ikawa inatoka nzito, inajikokota, kama mtu aliyeamshwa kabla hajatosheka na usingizi. Mimi sikujua, maana nikifika tu alikuwa anaizima tuzungumze. Yeye aliamini ndivyo ulivyouimba. Akajifunza hivyo hivyo, pumzi kwa pumzi, kwa gitaa lake la mbao.

Wimbo huo nimeucheza nikirukaruka tangu nina miaka sita. Nilijua kiitikio tu, “Msizime taa,” nikidhani ni watu wanaotaka dansi iendelee. Mengine yote yalifunikwa na magitaa ya umeme na ngoma za rafiki yako Ngurumo. Kumbe ni kijana aliyegombana na baba yake, anaondoka nyumbani, anageuka barabarani na kuona dirisha bado lina mwanga. “Msizime taa, sijafika mbali.” Mstari huo nimeusikia kwa mara ya kwanza nikiwa na shela kichwani.

Mama aliweka kijiko chini. “Ndivyo alivyokuwa akisema siku zote?” akaniuliza. “Na sisi tunaruka tu?” Ngurumo, aliyekuwa ameketi karibu nasi na tai iliyomfika kifuani, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, “Miaka kumi nimeupiga wimbo huu, leo ndiyo nimeusikia. Na usimwambie mjomba wako.” Basi nimekwambia.

Kwa hiyo naandika wazi, kwa kalamu ya wino nisije nikafuta: wimbo wa mume wangu umeupita wako. Si kwamba ana sauti kukushinda. Wewe ulikuwa na miaka ishirini na hasira zako, hukutaka mtu ajue unabembeleza, ukajificha nyuma ya kelele. Ulipofika penye kuuma ulipapita mbio. Yeye hana mbio hizo. Anasimama kwenye kila neno kama anavyosimama kwenye kola ya shati. Lakini maneno ni yako, kila moja, ndiyo maana inaniuma ukiyakana yanaposikika.

Ulichoandika mwishoni, kwamba akiuimba tena asikuite mjomba, amekisoma mwenyewe, kwani hatufichani barua. Hakukasirika. Alisema tu, “Wimbo ni wake,” akalitundika gitaa nyuma ya mlango na juu yake akatundika koti la mteja. Leo siku ya nne anapiga pasi kimya. Jana mwalimu mmoja aliyefuata suruali zake alimuuliza, “Vipi dobi, kuna msiba?” Akajibu, “Bado haijajulikana.” Mimi niliolewa na mtu anayeimba, Mjomba, sikuolewa na mvuke.

Mpira mpya wa redio ameshanunua, ausikie wimbo kama ulivyouimba na akuombe radhi vizuri. Nimeuficha kwenye kopo la vifungo.

Sasa sikia nilivyoamua. Tunakuja. Yeye anajua tunakuja kukusalimia. Hajui kwamba gitaa nitalifungasha ndani ya shuka; barua hii tu ndiyo nimemficha. Utaketi kwenye kiti chako umsikilize mpaka mwisho, bila kumkatiza. Ukimaliza ukasema bado asikuite mjomba, nitanyamaza. Ila mguu wako ukianza kugonga sakafu nitauona, maana nitakuwa nautazama huo tu.

Msalimie sana mkaza mjomba, na binamu Kipara, na yule jirani yenu muuguzi. Mama anakusalimu. Anasema nikuandikie jambo ambalo hakuona sababu ya kukwambia mpaka aliposikia maneno ya wimbo: ile taa ya dirishani babu aliiacha ikiwaka usiku kucha tangu ulipoondoka, mpaka balbu ilipoungua yenyewe. Siku ya pili akaweka nyingine. Wimbo wako hakuwahi kuusikia.

Mungu akulainishie mgongo na moyo, aanze na chochote apendacho. Kabla mwezi huu haujaisha, Alhamisi ya mwisho, basi letu litafika jioni nasi tutatembea kutoka kituoni. Iacheni taa ikiwaka.

Wako akupendaye bila kukuogopa,
Mpwa wako, mke wa dobi