Mguu Ulio Mzima

5 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute wewe na Mama mkiwa na nafuu. Mimi ni mzima, masomo yanaendelea.

Wiki hii mtaalamu wa viungo alikuja shuleni kuwapima wachezaji magoti. Nilikaa karibu nikajifunza. Kabla hujakubali kutandika vigae vya ukumbi ule mkubwa ulionitajia, jipime goti hilo linalokuuma. Anza na mguu ulio mzima, ili ujue goti lisilouma likoje. Chuchumaa, kisha inuka. Shuka ngazi. Kaa muda mrefu umekunja goti. Maumivu yakija mbele, kuizunguka pia ya goti, kile kifuniko chake, nenda kliniki. Mimi siwezi kutibu.

Wako,
Binti yako

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo, anakusalimu.

Umesema nianze na mguu mzima. Nimeutafuta, sijauona. Kuchuchumaa nilichuchumaa vizuri; kuinuka ndiko kulikonishinda. Mama yako alinivuta kwa mikono miwili huku akisema, "Kumbe niliolewa na meza mbovu." Ngazi nimeshuka kinyumenyume kama kaa.

Lakini mkono mtupu haulambwi. Fundi wa sakafu asiyepiga magoti ni fundi gani? Ukumbi nimeshaukubali, naanza mwezi ujao.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Sisi huku hatujambo.

Barua yako niliwasomea wenzangu, wakacheka. Mimi sikuweza. Ukiendelea hivi, baada ya ukumbi huu hutapata tena goti la kufanyia kazi. Sikuombi uache ufundi. Naomba tu upimwe na aliyesomea, kabla hujaweka kigae cha kwanza. Akisema magoti hayana neno, sitalitaja tena.

Binti yako

2 Juni

Mwanangu,

Marahaba, na uniwie radhi kwa ukimya. Nyumbani ni salama.

Nilikwenda kliniki. Aliyenipima ni mama mmoja mpole, lakini vidole vyake ni koleo. Aliisukuma pia ya goti huku na huku, akaibana, akaniambia nikaze paja. Nikang'ata meno. "Inauma, mzee?" Nikajibu, "Kidogo." Akasema, "Uso wako unasema vingine." Akaniuliza kazi yangu, kisha akataka nipige magoti pale pale, nimwonyeshe ninavyotandika.

Hakuna mfupa uliovunjika. Ile pia ya goti ndiyo iliyochoka kusuguliwa, na mapaja yamelegea. Amenipa mazoezi, amenikataza kushinda nimepiga magoti. Nilirudi nyumbani nimenuna.

Sakafu ya ukumbi nimemwachia fundi mwenzangu. Mimi nimechukua kuta. Safu za chini ananiwekea yeye. Kuanzia kiunoni kwenda juu ni zangu, nimesimama. Mwanzoni zilipinda, nikabandua, nikarudia. Sasa zimenyooka. Ukifunga shule, pitia pale kabla ya kuja nyumbani. Utanikuta ukuta wa mlangoni.

Baba yako