Samaki wa Kavita Hakukuua

Baba,

Shikamoo. Salamu nimetoa, na heshima iishie hapo, maana nina hasira na wewe na sijui niipeleke wapi.

Ile wiki tuliyokupeleka Moshi kukuzika, duka lako la vifungo na nyuzi lilifungwa siku za kazi. Shata likashushwa, mtaa mzima ukasimama kushangaa. Bati lile hukunjwa juu kila asubuhi, na Jumapili mtaa huwa mtupu; nani alishawahi kuona walichochora juu yake watoto wa mtaa uliowafundisha kila Jumapili? Sasa wakaona: ndege mwenye uso wa mtu, yai lenye miguu, na samaki wa Kavita, kavaa raba, kabeba ngazi.

Tuliporudi, baba mdogo akatangaza mbele ya majirani: "Haya mashetani ndiyo yamemmaliza kaka." Mdogo wako wa tumbo moja! Na Kavita alikuwa pale pale, kamshika mkono mama yake, jirani yetu wa duka la sari. Kesho yake akanijia, akaniuliza: "Dada Neema, samaki wangu ndiye amemuua Anko?"

Ana miaka saba, Baba. Saba! Nilitamani nimrarue mtu.

Mashetani gani? Laiti ungekuwepo uwatolee ile kalenda yako chakavu, yenye picha za yule mchoraji wa Uholanzi aliyekufa zamani za kale, aliyechora majinamizi ya watu bila haya. Uliwaketisha watoto juu ya maboksi ya zipu, ukamuuliza kila mmoja anaogopa nini. Kisha: "Kichore. Ukishakichora kinabaki hapo, hakikufuati kitandani." Mimi mwenyewe ulinitibu hivyo nilipokuwa naogopa choo cha uani. Nilikichora kina meno. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Baba mdogo akaleta fundi na ndoo ya rangi nyeupe. Nikafanyaje? Nikafungua duka. Arobaini yako haijafika, nikalikunja shata juu, nikaanza kuuza. Sasa apake wapi? Watu wakaguna: mtoto gani huyu, kaburi la baba yake bado bichi anapima nyuzi! Watasema mchana, usiku watalala. Fundi aliikalia ndoo yake mpaka alasiri, akachoka, akaondoka. Baba mdogo akaapa kumrudisha.

Jumapili nililishusha shata mwenyewe, jua likiwaka, nikaweka kiti mbele yake. Nikamwita Kavita. Nikamwambia jambo ambalo msibani hakuna aliyethubutu kulitamka: samaki wako hakumuua Anko. Anko alikuwa na presha. Alipewa vidonge, akavitupia kwenye droo ya kaunta pamoja na vifungo vilivyovunjika, kila siku "nitameza kesho".

Nimevikuta, Baba. Droo imejaa! Mama alikubembeleza, nikakupigia magoti, ukatuita waoga. Wewe, uliyewafundisha watoto wa watu kukitazama usoni wanachokiogopa, ulishindwa kutazama kidonge? Ungenipa mimi hiyo kazi ya kukukumbusha. Ningekukera kila asubuhi, lakini ungekuwepo.

Kavita akachukua brashi. Kwenye ile kona ya chini uliyoiacha wazi akachora mzee mwenye kofia yako. Tumboni ana droo. Droo iko wazi, vidonge vinamwagika mpaka kwenye viatu. Alipomaliza akamtazama samaki wake, akamgusa pezi, akaniomba soda.

Unatisha, Baba. Na umetoka vilevile ulivyokuwa.

Basi lala. Kukusamehe bado, usinihimize. Ila baba mdogo akirudi na ndoo yake atanikuta mlangoni, na kila Jumapili shata litashuka, watoto watachora. Na ile kona haifutwi, hata kama kila nikiiona nalia.

Mwanao,
Neema