Duara la Baba

Kwa kaka yangu Mselem, Usagara, Tanga.

Shikamoo kaka. Huku machimboni Handeni hatujambo, ila mwanangu Khairat kang'oka meno mawili ya mbele na hataki kucheka. Mvua imebomoa choo.

Mwezi uliopita walikuja wageni kuandika historia ya mji wetu, tangu dhahabu ya kwanza. Walitaka mtu wa kuwatembeza, nami nikajitia kimbelembele. Nikawaonyesha karasha bovu la Mzee Hilal, ile mashine ya kusagia mawe, halafu duara, lile shimo la dhahabu lililomfukia baba, pale tulipomsalia bila maiti na kupanda mrehani. Unajua mwiko wetu, shimo lenye mtu ndani halichimbwi tena. Nilidhani kila mtu anauheshimu.

Wiki haijaisha, wakaja wachimbaji na pampu, wakaanza kulifukua duara la baba. Niliwapigia kelele mpaka sauti ikanikauka. Mkubwa wao akanijibu, "Dada, tukimkuta mzee wako tutakukabidhi umzike." Basi nikanunua sanda, nikakaa mdomoni mwa duara siku nne nikisubiri kuitwa.

Jana wamefika chini kabisa, kwenye mwamba. Wameikuta sururu yake na ndoo. Mtu hamna, hata mfupa mmoja.

Kaka, siku ile juu ulikuwepo wewe peke yako, umeshika kamba. Wewe ndiye uliyetuletea habari. Mama bado anamfanyia hitima kila mwaka, na sijamwambia kitu. Sanda ninayo, nimeificha chini ya godoro.

Njoo kabla ya Ijumaa unieleze tulimsalia nani.

Mdogo wako,
Asmahani